Udongo wa Tairi la Nyuma Kushoto

Foster, Gippsland
22 Februari 1993

Bwana Alf Trembath,

Hunijui. Naitwa Raelene Hocking, dereva wa lori la maziwa, umri miaka thelathini na moja. Mwezi uliopita nilinunua gari jekundu la mbio, la viti viwili, kwa Bi. Joyce Venning wa Burnie. Lilikaa bandani miaka sita chini ya turubai, na kuku walikuwa wametaga kwenye kiti cha dereva. Nilimuuliza kwa nini mumewe aliacha kuliendesha. Akajibu, "Aliacha tu," kisha akasema anakwenda kuanua nguo. Siku ile kambani hapakuwa na nguo.

Ndani ya sanduku la zana nilikuta kadi ya karakana yako. Umeandika "195/60, ringi 14", ukaikata kwa mstari, na chini yake "225/50, ringi 15". Ndiyo sababu nakuandikia. Jumamosi ya Pasaka nataka kulikimbiza kwenye uwanja wa Corrigal, mizunguko kumi na miwili. Sheria za daraja letu zinaruhusu upana mpaka 225, na wenzangu wote wako huko. Hayo ya 225 yaliingia bila kugusa? Na Venning aliyaonaje?

Nilijaribu kukupigia simu mara tatu. Mtu anapokea, anapumua, anakata. Kama ni wewe, samahani kwa usumbufu. Kama si wewe, una mgeni wa ajabu nyumbani.

Raelene Hocking


Wynyard, Tasmania
2 Machi 1993

Bi. Hocking,

Ni mimi niliyepokea simu. Mwaka juzi nilifanyiwa upasuaji wa koo na sauti ikaondoka yote. Napokea kwa mazoea tu. Niandikie.

Funga 205/50 ya ringi 15, mbele na nyuma. Tairi la 195/60 la ringi 14, ambalo gari lilizaliwa nalo, lina kimo cha milimita 590. Hilo la 205 lina 586, kwa hiyo gia hazitajua kwamba umebadilisha kitu. La 225/50 lina 606. Hapo tairi linasogelea madigadi kwa milimita nane upande wa juu, na kumi na tano nyingine ubavuni. Halafu gari lako ni jepesi na injini yake ni ndogo. Tairi pana linahitaji joto ndipo lishike lami, na gari hili litachukua nusu ya mbio kulipasha. Tia upepo wa paundi 28 likiwa baridi.

Kuhusu Venning: alitumia 225 siku moja.

Alf Trembath


Foster
9 Machi 1993

Mzee Trembath,

Asante kwa hesabu. Nimeibandika kwenye mlango wa friji na Baba anaisoma kila akienda kuchukua maziwa. Bahati mbaya imefika siku mbili baada ya matairi. Nimepata manne ya 225, yametumika mbio mbili tu, kwa kubadilishana na kondoo mmoja aliyechinjwa na kufungwa vizuri.

Unielewe. Mwaka jana nilikimbia na gari langu la zamani, matairi membamba, na Trevor Oakes alinipita mara mbili mbele ya watu wote. Tukiwa kwenye foleni ya soseji akaniuliza, "Rae, yale ni matairi au umefunga donati?" Nikamwambia, "Donati ni hilo tumbo lako." Watu walicheka, lakini kikombe alichukua yeye. Baba akaniambia, "Mwache. Atanyamaza Pasaka." Alikuwa anasema Pasaka hii.

Basi nimefanya kile wanachofanya wote hapa. Nilichukua udongo wa kuchezea wa watoto wa jirani, ule wa rangi, nikaubandika ndani ya ukingo wa madigadi zote nne, nikaendesha mpaka baa ya Fish Creek na kurudi. Tairi likigusa, udongo ungechorwa. Haukuchorwa hata kidogo. Kwa hiyo kadi yako ilikuwa sawa, na barua yako imekuwa na woga kuliko kadi. Niambie tu, "Endelea, binti," nifurahi.

Raelene


Wynyard
15 Machi 1993

Raelene,

Barabara ya kwenda baa haikuambii kitu. Nijibu haya.

Tangi lilikuwa na mafuta kiasi gani? Corrigal kuna bonde ambalo gari hushuka kwa kasi na kukalia springi zake mpaka mwisho: kona inayofuata inakata kulia au kushoto? Ukipita pale, nyuma ya gari hushuka kiasi gani? Ukingo wa ndani wa madigadi ya nyuma umekunjwa, au bado bati limesimama kama kisu?

Rudia kipimo siku ya mazoezi, bondeni penyewe, tangi likiwa limejaa. Usiuguse udongo. Toa gurudumu, bandua udongo kwa bapa la kisu, utie kwenye kopo, unitumie.

Jambo la mwisho. Upande wa nje wa kona hiyo, mshika bendera anayesimama kuwaonya madereva ni nani?

Alf Trembath


Foster
24 Machi 1993

Mzee Alf,

Mzunguko mmoja kwa dakika moja, sekunde thelathini na moja nukta nne! Mwaka jana nilipiga thelathini na tatu nukta tisa. Trevor alikuja kutazama matairi yangu, akainama, akaondoka bila neno. Nimemjua tangu darasa la tatu na sijawahi kumwona akiondoka bila neno.

Majibu yako. Tangi lilikuwa nusu, maana kituo cha mafuta cha Corrigal kilikuwa kimefungwa. Bonde lipo, na kona inakata kulia, kwa hiyo uzito wote unakwenda nyuma kushoto. Bati la ukingo limesimama. Udongo huo hapo kwenye kopo la peremende. Kushoto nyuma utaona mstari mwembamba kama unywele. Baba anasema ni ukucha wangu.

Na mshika bendera wa kona hiyo ni Baba mwenyewe, Merv Hocking, tangu mwaka 1971. Klabu imejenga ukuta wa zege wa kujikinga, wenzake wote wanasimama nyuma yake. Yeye anaweka kiti chake cha kukunja mbele ya ukuta, na chupa ya chai pembeni. Anasema nyuma ya zege anaona zege. Viongozi walishachoka kumfukuza. Kwa nini unauliza?

Raelene


Wynyard
29 Machi 1993

Raelene,

Nimeupima mstari kwa lenzi. Si ukucha. Ukucha huanza na kuishia katikati ya udongo. Huu umeingia upande mmoja na kutokea wa pili, na una mwinuko upande wa nje. Ni bati la madigadi na ubavu wa tairi vimekutana.

Ilikuwa nusu tangi na mizunguko sita. Pasaka ni tangi zima na mizunguko kumi na miwili. Unywele huo utarudi kila mzunguko mahali pale pale, na kila mara utakula kidogo. Hutausikia. Gari litakwenda vizuri mpaka mzunguko wa mwisho wa tairi.

Ondoa 225. Funga 205. Utapoteza sekunde moja kwa mzunguko, pengine moja na nusu.

Na mwambie baba yako akae nyuma ya ukuta.

Alf Trembath


Foster
4 Aprili 1993

Mzee Alf,

Sekunde moja na nusu ndiyo tofauti yenyewe kati yangu na Trevor. Lakini usikasirike, nimekusikia. Tumekunja ukingo.

Baba amefanya kama walivyofanya zamani: mpini wa sururu katikati ya tairi na madigadi, mimi nasukuma gari mbele na nyuma, yeye anabonyeza na kutukana. Siku mbili. Bati likamkata kidole gumba cha kulia, amekifunga plasta ya kitambaa kubwa kama kofia. Mama angekuwa hai angesema, "Merv, una vidole kumi na huwezi kuchunga kimoja."

Alhamisi nilikuwa kazini, akaenda Corrigal peke yake, maana ana ufunguo wa geti. Tangi zima, mizunguko minane, na udongo mpya. Niliporudi jioni alikuwa amekaa ngazini. Nikamuuliza, "Vipi?" Akasema, "Safi." Nikamuuliza, "Safi safi?" Akasema, "Mwanangu, nimesema safi," akaingia ndani kupika chai. Nimeutazama udongo mwenyewe. Ni laini kama shavu la mtoto.

Nakutumia ili ulale. Baba hakutaka niutume, anasema utakauka njiani na kupasuka na wewe utasema ni tairi. Nimeutuma hivyo hivyo.

Sasa nijibu na wewe. Umeniambia Venning alitumia 225 siku moja. Siku hiyo ilitokea nini?

Raelene


Wynyard
8 Aprili 1993, Alhamisi
KWA MKONO

Bwana Merv Hocking,

Kopo limefika leo saa nne asubuhi. Posta imefunga adhuhuri na haitafungua mpaka Jumanne. Jirani yangu, Bi. Pybus, amewapigia simu mara nne kwa niaba yangu. Nyumbani kwenu hakuna mtu, na kwenye klabu ameacha ujumbe katika mashine. Meli ya leo ya kuvukia bara imejaa kwa sababu ya sikukuu. Nimepata nafasi ya kesho. Nitafika bara Jumamosi asubuhi, na Corrigal nitafika nikijaliwa kupata basi. Nikimkuta binti yako kabla hajaingia garini, barua hii nitampa yeye. Nikichelewa, nitakuja kwenye kiti chako.

Tarehe 14 Machi 1987, uwanja wa Barilla Flat, nilimfungia Venning 225. Aliyataka kwa sababu wote walikuwa nayo. Tulipima kwa udongo kwenye mazoezi ya asubuhi. Nilipotoa gurudumu la nyuma kushoto nilikuta mstari mwembamba kama unywele. Magari yalikuwa yanaitwa mstarini. Venning alikuwa amekwisha kuvaa kofia ya chuma, ameketi, akaniita, "Alf, safi?" Ningesema si safi angekosa mbio aliyoingojea mwaka mzima, na angenilaumu mimi. Niliupitishia udongo kidole gumba. Nikamwonyesha. Nikasema safi.

Tairi lilipasuka mzunguko wa saba, mahali pa mteremko. Gari halikuharibika sana. Ndiyo maana binti yako ameliona zuri. Lilisimama kwa sababu lilimgonga mshika bendera. Aliitwa Desmond Fulwood, miaka arobaini na minne, tarishi. Alikuwa mbele ya ukuta ili aone vizuri.

Kwenye uchunguzi waliniuliza kama nafasi ya tairi ilitosha. Nilisema ilitosha. Wakaandika "kitu chenye ncha barabarani". Venning mpaka leo anaamini aliingia kona kwa kasi mno. Sijamwambia. Nilikuwa na sauti wakati huo.

Sasa udongo wako. Udongo usioguswa hubaki na alama za aliyeubandika, na hushika vumbi. Huu hauna vumbi katikati. Una mfereji mmoja mpana, na chini ya lenzi mfereji umejaa miraba midogo midogo, kama kitambaa kilichofumwa. Ni plasta, kidole gumba cha kulia.

Sikuulizi kwa nini. Najua kwa nini. Mwondoe kwenye mbio. Ukishindwa, simama nyuma ya ukuta.

A. Trembath


Foster
19 Aprili 1993

Bwana Trembath,

Najua huwezi kupiga simu na mimi si mwandishi, kwa hiyo nitasema kwa kifupi.

Raelene amevunjika kifundo cha mkono na mbavu mbili. Alitoka hospitali Ijumaa. Anakula, anatukana, yuko sawa.

Umeyaona mwenyewe, lakini ulikuwa chini ukinishikilia, pengine hukuyaona yote. Nilikuwa sijamaliza ukurasa wa kwanza. Nilidhani wewe ni mlevi, mzee mwenye shimo shingoni ananivuta shati na mimi nina magari kumi na manne yanakuja. Nilikuambia maneno mabaya. Ukanivuta mpaka nikaanguka nyuma ya zege, ndipo nikasikia mlio wa tairi kupasuka. Mzunguko wa tisa. Gari la Raelene lilipita mahali nilipokuwa nimekaa. Kiti walikitoa chini ya injini, na chupa ya chai hawajaipata hadi leo.

Wakaguzi wa klabu walilitazama tairi. Wameandika kuna kitu chenye ncha kililikata. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale wakiandika, na sikusema kitu. Wewe unajua inavyokuwa.

Raelene anajua ulikuja. Anadhani ulikuja kutazama mbio na Mungu akakuleta upande wangu. Ameniambia, "Baba, yule mzee aliniandikia kwamba uondoke pale. Alijuaje?" Nikamwambia wazee wa matairi wana hisia. Barua yako nimeichoma kwenye jiko la nje.

Ilikuwa alama ndogo, Trembath. Ndogo kuliko ya kwanza. Nilikuwa nimebonyeza mpini siku mbili. Ulitaka nimwambie nini, baada ya mwaka mzima wa kusikia habari za donati?

Gari linatengenezeka. Ameshaagiza matairi mengine, 225 tena, kwa mbio za Novemba. Ameniambia nitapima mimi, kwa sababu kipimo changu kilikuwa safi na kilichomwangusha ni bahati mbaya.

Yaache yaishe hapa, mimi na wewe. Wewe una lako na mimi nina langu. Hakuna aliyekufa.

Merv Hocking


Wynyard
23 Aprili 1993

Bwana Hocking,

Ulichochoma ni karatasi ya juu. Barua za kazi huwa naziandika kwa karatasi ya kaboni, nakala zibaki. Ni tabia ya miaka arobaini.

Kopo ninalo. Udongo huo una mafuta ndani yake, haukauki wala haupasuki. Nyuzi za plasta yako zinasomeka leo kama zilivyosomeka siku ulipozibonyeza.

Unasema hakuna aliyekufa. Kwenye langu mtu alikufa. Na lako halijaisha: Novemba binti yako atakaa garini, ataita, "Baba, safi?" na mtu mwingine atakuwa na bendera kwenye ile kona, kwa kuwa wewe utakuwa karakanani na udongo mkononi.

Jumapili hii ninakwenda kwa Venning. Anaishi dakika ishirini kutoka hapa na kwa miaka sita sijawahi kupita mtaani kwake. Nitampa nakala yake aisome nikiwa nimeketi mbele yake. Kisha nitaipeleka nyingine kwa mjane wa Fulwood.

Jumatatu tarehe 3 Mei posta ya hapa itafungua saa tatu. Nitakuwa mlangoni. Kopo na nakala ya tatu vitakwenda kwa Raelene, kwa jina lake, vya kutiwa sahihi.

Una siku kumi. Mwambie mwenyewe kabla havijafika, na mwambie kwa sauti. Wewe bado unayo.

Alf Trembath